Fundi Yuko Wapi?

Haya ni maneno niliyozungumza Jumamosi moja asubuhi hapa Mwanza, mbele ya wasichana wa sekondari, mama zao na mafundi wenzangu wachache. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Nimeacha tu sehemu nilizokohoa.

Mwangaluka!

Asanteni. Shikamooni wazee wangu. Wadogo zangu, hamjambo. Nimeambiwa nina nusu saa, na mimi nikishika kipaza sauti ni kama nimeshika simu ya mteja, siiachii mpaka nijue inaumwa nini. Mnivumilie.

Nina meza ya ufundi simu kule Makoroboi. Meza, kiti, taa yenye kioo cha kukuzia, blawa, pasi ya kulehemu, na kibao nilichokiandika kwa mkono wangu kwa rangi nyekundu: FUNDI SIMU. Huu ni mwaka wangu wa 11 pale. Na kila wiki, sitanii, kila wiki, anafika mtu, ananikuta nimeinamia bodi ya simu, kibanio mkononi, miwani puani, anasimama mbele ya kile kibao na kuniuliza, "Dada, fundi yuko wapi?"

Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nacheza nao. Kuna kaka mmoja nilimwambia fundi ametoka kidogo, kaa hapo umsubiri. Akakaa. Nikamaliza simu niliyokuwa nayo, nikainuka, nikaingia nyuma ya pazia, nikanywa maji, nikarudi. "Haya kaka, nimefika. Tatizo nini?" Alicheka mpaka jirani yangu muuza kava akageuka. Lakini kabla hajaniachia ile simu akauliza tena, kwa upole kabisa, "Kweli utaiweza?"

Sasa hebu tuitazame lugha yetu kidogo. Kiswahili hakiulizi. Ukisema "fundi amekuja", hujasema kama huyo fundi amevaa suruali au gauni. "Yeye" ni yeye. Waingereza wana maneno mawili pale tunapotumia moja. Sisi tumerithi lugha iliyomwachia kila mtu nafasi, kisha tukaanza kuiwekea viraka wenyewe: fundi wa kike, dereva wa kike, rubani wa kike. Nani hapa amewahi kusikia "fundi wa kiume"? Hakuna. Huyo hahitaji kiraka, kwa sababu tumeshaamua vichwani kwamba nafasi ile ni yake.

Watu husema wanawake na mashine hawapatani. Nimelifikiria sana neno hilo nikiwa mezani pale, na naona si kweli hata kidogo. Mwanamke anashinda na mashine kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Kinachotokea ni kwamba mashine ikiingia mkononi mwake, tunaibadilisha jina.

Mfikirieni mama anayeuza barafu pale Mabatini. Ana friji moja kuukuu, mkono wa mlango wa friji umefungwa kwa raba ya tairi. Mama huyo anajua kwa sikio kama kompresa inafanya kazi au inalalamika. Umeme ukikatika, kitu cha kwanza anachomoa plagi, kwa sababu anajua umeme unarudi na nguvu. Ukirudi, hachomeki hapo hapo. Anasubiri dakika kadhaa, maana akiiwasha mapema kompresa inakwama na kuungua. Hakuna aliyemfundisha darasani. Mwulizeni kama anajua mambo ya teknolojia, atawaambia, "Mie? Mie sijui hayo, mwulizeni mwanangu." Friji lake tumelitia kwenye fungu la vyombo. Vyombo vya ndani, pamoja na sufuria na mwiko. Kijana wake akinunua spika ya bluutuuthi ya 15,000, hiyo ndiyo teknolojia.

Au cherehani. Mama akishona nyumbani, tunasema anajishikizashikiza nguo. Cherehani hiyo hiyo, gurudumu hilo hilo, ikitoka barazani na kuanza kuingiza hela, anaikalia mwanamume na tunamwita fundi. Mashine haikubadilika hata skrubu moja.

Na kupika nako. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kumtoa mtu kwenye mkaa na kuni kwenda kwenye gesi au jiko la presha la umeme ni badiliko la teknolojia kubwa kuliko simu yoyote nitakayoitengeneza. Lakini nendeni kwenye mikutano ya TEHAMA mkatafute jiko. Hamtalikuta. Jiko liko kwenye meza ya akina mama, kona ile, karibu na vikapu.

Msidhani ni sisi wa kanda ya ziwa tu. Neno "kompyuta" lenyewe, kabla ya kuwa jina la mashine, lilikuwa jina la mtu. Kule Marekani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kompyuta alikuwa mtu aliyeajiriwa kupiga hesabu, na wengi wao walikuwa wanawake. Kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania, jijini Philadelphia, walikuwa wakikokotoa mahali risasi za mizinga zitakapoangukia. Kisha ikajengwa mashine ya kufanya hesabu hizo haraka, ENIAC, dude la tani 30 hivi lenye karibu valvu za kielektroniki 18,000. Wakachaguliwa wanawake sita waifanye itii: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman.

Hapakuwa na kitabu cha maelekezo. Walipewa michoro ya nyaya, wakaambiwa haya. Wakaisoma ile mashine kama mimi ninavyosoma bodi ya simu nisiyo na ramani yake, unafuata njia ya umeme kwa kidole mpaka ujue inaishia wapi. Februari 1946 mashine ikaonyeshwa kwa umma, ikapiga hesabu zake mbele ya wageni, na programu ya kukokotoa njia ya risasi iliyoonyeshwa siku ile waliitayarisha wanawake hao. Jioni ikaandaliwa karamu ya kusherehekea. Hawakualikwa.

Ngojeni, kuna kipande kinachonichekesha na kuniuma kwa wakati mmoja. Miaka ya 1980 mwanafunzi mmoja aitwaye Kathy Kleiman aliona picha za ENIAC zenye wanawake wamesimama mbele ya mashine, akauliza hawa ni nani. Akajibiwa kwamba ni warembo tu, kama wale wasichana wa kwenye matangazo wanaosimama karibu na friji ili friji lipendeze. Alikataa jibu hilo, akawatafuta, akawakuta wengine wao wangali hai.

Kwa nini kazi ile walipewa wanawake? Kwa sababu wakati ule kazi yenye heshima ilikuwa kujenga chuma. Kuiambia mashine la kufanya kulionekana kama kazi ya karani. Hesabu ilipogeuka, kuandika programu kukawa na mshahara na jina, watu wakaanza kusema ubongo wa mwanamke hauna mwelekeo huo. Cherehani imetoka barazani.

Turudi ziwani. Nina mteja Igombe, mama mwenye mitumbwi miwili ya dagaa. Mnajua kazi hiyo ilivyo. Giza la mwezi likiingia mitumbwi inatoka na taa, dagaa wanafuata mwanga, wavu unashushwa. Zamani ilikuwa karabai, mafuta ya taa, utambi unaochanika kila mara. Sasa wengi wamehamia taa za sola na betri. Mama huyu ndiye aliyepiga hesabu: karabai inakula lita ngapi kwa usiku, taa mpya inalipa baada ya miezi mingapi, betri ya aina gani haichoki mapema. Kazi hiyo aliifanya kwa kalamu nyuma ya daftari la shule la mtoto. Akaja mjini kununua, akiwa na nahodha wake wa kumsaidia kubeba. Dukani, muuzaji alizungumza na nahodha tangu mwanzo mpaka mwisho. Wati, ampea, dhamana, yote kwa nahodha. Mama alipouliza betri inavumilia kuchajiwa mara ngapi, muuzaji akamjibu nahodha. Mwisho akamgeukia yeye mara moja tu: "Mama, unalipa kwa simu au keshi?"

Duka silitaji, na kusema kweli halina upekee wowote.

Wenye viwanda nao wana ugonjwa huo. Mei 2009, kampuni ya Dell ilifungua tovuti maalumu ya kuwauzia wanawake kompyuta ndogo, ikaiita Della. Ndani yake kulikuwa na rangi za kupendeza, na ushauri kwamba kompyuta inaweza kukusaidia kutafuta mapishi na kuhesabu kalori. Wanawake walipiga kelele, na haikuchukua wiki nyingi kampuni ikabadilisha maneno na jina likaondoka. Baadaye ikaja tableti moja iliyouzwa Mashariki ya Kati, ePad Femme, ikiwa na rangi ya waridi na programu za mapishi na yoga zimeshawekwa tayari, usije ukapata tabu ya kuzipakua mwenyewe.

Mnacheka, lakini nendeni Makoroboi leo hii. "Dada, chukua hii, ya kike hii, selfi yake kali." Hajakuuliza unafanya kazi gani. Mama wa Mwaloni Kirumba anataka betri inayofika jioni, laini mbili, spika inayosikika kwenye kelele za sokoni, na kioo kinachoshikika kwa kidole chenye maji ya samaki. Anauziwa rangi ya dhahabu.

Na wakati wanahangaika na rangi, vitu vya maana vinapita. Mwaka 2014 Apple walitoa programu ya afya kwenye simu zao. Ilihesabu hatua ulizotembea, ilikubali uandike hata sodiamu uliyokula. Siku za hedhi haikuwa na mahali pa kuziandika, zikaongezwa mwaka uliofuata. Ni hesabu ambayo karibu kila binti wa miaka 13 humu ndani anaifanya kichwani kila mwezi, na ilisahaulika kwenye simu ya bei ya ng'ombe.

Au mfuko. Jambo hili nalisema kama fundi. Simu imetengenezwa ikitarajia mfuko wa suruali. Mama zetu hawana mfuko, simu inakaa kwenye pindo la khanga au kifuani. (Wanaume, msiangalie chini, ni mambo ya ufundi haya.) Ndani ya simu nyingi kuna kikaratasi kidogo cheupe ambacho kikipata maji kinageuka chekundu. Nikifungua simu ya mama aliyeshinda juani akianika dagaa, mara nyingi kikaratasi ni chekundu na maiki imeziba. Hajaitumbukiza majini. Ni jasho la kifuani, siku baada ya siku. Halafu mnamsikia mtu anasema wanawake hawajui kutunza simu.

Mwaka jana alinijia mama wa kutoka Mwaloni, simu haiingizi chaji. Alikuwa ameshapita kwa fundi mwingine, akaambiwa sistimu chaji imekufa, 35,000. Nikaichukua, nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia, nikamulika tundu la chaji. Nikamwita. "Mama, njoo uangalie mwenyewe." Akainama, jicho moja. Tundu lilikuwa linang'aa kama limepakwa fedha. Magamba ya dagaa! Yameshindiliwa humo na chumvi na vumbi mpaka waya hauingii. Nikachukua kijiti cha meno, mswaki laini na tone la spiriti, nikayachokoa kidogokidogo. Dakika kumi hazikufika, chaji ikaingia. Nikamtoza 2,000.

Nilidhani atafurahi. Alikaa kimya akiitazama ile simu, kisha akauliza, "Mwanangu, ningekuja na mume wangu, yule fundi angeniambia 35,000?" Nikamjibu angesema 20,000. Akacheka, lakini hakucheka sana.

Mafundi wenzangu mlioko nyuma pale, nawaona. Sisemi wote. Ila tunajua mezani kwetu kuna bei ya mwenye maswali na bei ya asiye na maswali, na tumezoea kudhani mwanamke hana maswali.

Kuna wale watakaosema mbona wanawake ndio wanaotapeliwa, ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mezani kwangu wamekuja kulia wanaume wenye tai. Tofauti ni kwamba mwanamume akitapeliwa tunasema matapeli wamekuwa wajanja, mwanamke akitapeliwa tunasema wanawake bwana.

Na mama asiyejua kusoma vizuri ndiyo kabisa anachekwa. Mimi nimemwona bibi mmoja kwa macho yangu, ana kitochi, anabonyeza *150*00#, namba ya M-Pesa, halafu anaendelea namba kwa namba bila kusoma hata neno, kwa sababu ameshika mfululizo wote kichwani kama wimbo wa kanisani. Kampuni ikibadilisha mpangilio wa menyu, anakosea mara mbili, ya tatu ameshashika mpya. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Bibi huyo ameshabadilishiwa menyu mara ngapi sijui, lakini anaitwa mshamba na kijana ambaye hakumbuki namba ya simu ya mama yake mzazi.

Sikatai kwamba pengo lipo. Ripoti ya 2024 ya GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, inaonyesha kwamba Afrika kusini mwa Sahara uwezekano wa mwanamke kutumia intaneti ya simu ni mdogo kuliko wa mwanamume kwa takriban asilimia 32. Sababu kubwa ni bei ya simu, na kusoma na ujuzi. Mimi naongeza moja ninayoiona mezani: kifaa si chake. Mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019 na kufungwa Januari 2020. Wapo akina mama ambao hawakuwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, wakati ule, laini zao zikasajiliwa kwa jina la mume au shemeji. Wakaja kugundua ubaya wake siku walipogombana, maana biashara yote ya samaki ilikuwa kwenye laini ya mtu mwingine. Wenye hali hiyo mpaka leo, nitafuteni tukimaliza, nitawaeleza pa kuanzia.

Ng'ambo ile kuna Ukerewe. Mama Gertrude Mongella alizaliwa huko, na mwaka 1995 alikuwa katibu mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake Beijing. Nilikuwa mdogo, nakumbuka watu wazima wakitania kila mwanamke mkaidi, "huyu ametoka Beijing." Utani ule tuliucheka hata sisi wasichana.

Nisijifanye malaika. Nina watoto wawili, binti wa miaka 15 na mdogo wake wa kiume wa 13. Likizo ya mwaka jana wote walishinda nami mezani. Kijana nilimpa bisibisi. Binti nilimpa ndoo akachote maji, nikamtuma chai, nikamwambia afute vioo. Sikupanga. Mikono yangu yenyewe ndiyo iliyogawa. Siku moja nilikwenda duka la jirani kununua kioo cha simu, nikawaacha. Nikiwa narudi, hatua tano kutoka mezani, nikamsikia mteja anauliza, "Fundi yuko wapi?" Na binti yangu, mtoto wangu wa kumzaa, aliyeniona nikilehemu tangu akiwa mdogo, akanyoosha kidole kwa mdogo wake.

Sikusema kitu siku ile. Nilitengeneza ile simu kimya, na usiku usingizi haukuja haraka.

Kesho yake nilitafuta bodi mbovu tatu, nikawasha pasi, nikampa. Aliunguza ya kwanza, harufu ikajaa mpaka muuza kava akalalamika. Ya pili aliunguza kidogo. Ya tatu sitawaambia, kwa sababu yuko hapa, amekaa kule mwisho na ananikodolea macho ninyamaze.

Basi ninyamaze. Nimeleta vifaa vyangu, viko kwenye hiyo meza ya mbele: bisibisi, kioo cha kukuzia, mswaki, spiriti. Nani ana simu inayokataa chaji? Mama wa khanga ya bluu, nimekuona tangu nilipotaja magamba unaikagua yako. Lete. Hapana, usinipe mimi. Kaa hapa kwenye kiti changu. Binti yangu, njoo umshikie taa. Haya mama, izime kwanza. Umeona pale penye tundu? Chukua kijiti.